Mwongozo kamili wa kupika mtori wa siku za baridi bila weusi, mabonge wala ukakasi

Kila ifikapo Juni, ukungu unaposhuka kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Lushoto na Njombe, na hata wakazi wa Nairobi wanapotoa makoti kabatini, maswali kuhusu mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, huanza kunifikia, na karibu yote ni yale yale. Mtori umekuwa mweusi. Umenata kama gundi. Nyama bado ni ngumu ilhali ndizi zimeshayeyuka. Chini umeungua na juu ni maji matupu. Mara nyingi anayeuliza amefuata maelekezo ya mistari mitano yanayomwambia achemshe nyama, aweke ndizi, aponde na kupakua, lakini hayamwambii kwa nini jambo moja hutangulia jingine.

Mwongozo huu ni kwa ajili yake. Nitaeleza mtori wa nyama ya ng'ombe kama unavyopikwa Uchagani, kwa ndizi mbichi za kupika, nami nitakaa zaidi kwenye hatua zinazoharibu sufuria nyingi, yaani kuchagua ndizi, kuchemsha supu na kuponda. Tenga takriban saa nne. Zaidi ya nusu ya muda huo sufuria itakuwa inachemka yenyewe, nawe utakuwa huru kufanya kazi nyingine ukiwa karibu na jiko.

## Mahitaji kwa watu 6

- Nyama ya ng'ombe yenye mfupa, kilo 1. Chukua mbavu, kidari au mguu, na mwombe muuza nyama akukatie pia mfupa mmoja wenye uboho.
- Ndizi mbichi za kupika, kilo 2 kabla ya kumenywa. Baada ya kumenywa zitabaki kilo 1 na robo hivi.
- Maji safi, lita 3 na nusu.
- Vitunguu maji vikubwa 2, vitunguu saumu punje 4, na tangawizi yenye ukubwa wa kidole gumba.
- Karoti 1 na nyanya 1 iliyoiva.
- Siagi, vijiko 3 vya chakula. Ukipata malai ya maziwa, nusu kikombe itafaa pia.
- Ndimu 2, chumvi, pilipili manga, na pilipili mbuzi moja nzima kwa wanaoipenda.
- Mafuta ya kula kidogo, ya kupaka mikononi.

Kuhusu vyombo, unahitaji sufuria nzito ya lita 6 au zaidi, sufuria nyingine ndogo, kikaango, beseni, chujio, upawa, kisu kisichoshika kutu, na mwiko wa mbao wenye kichwa kipana. Ukiwa na kipekecho cha mbao, kiweke karibu. Mashine ya kusagia matunda iache kabatini. Nitaeleza sababu tutakapofika kwenye kuponda.

Sufuria nyembamba ya alumini haifai hapa. Wanga wa ndizi hutuama chini, na chuma chembamba hupitisha moto wote mahali pamoja, hivyo mtori huungua kabla mpishi hajasikia harufu. Kama sufuria yako ni nyembamba na huna nyingine, punguza moto hadi nusu ya ninavyoelekeza na uongeze muda.

## Hatua ya 1: Chagua ndizi zinazofaa

Hapa ndipo mtori wa watu wengi huharibika, na huharibika sokoni, kabla jiko halijawashwa.

Ndizi inayopendwa kwa mtori Kilimanjaro na Arumeru ni mshare. Huiva jikoni kwa urahisi, hupondeka laini, na hutoa rangi inayokaribia ya malai. Ukimwambia muuzaji wa Moshi au Arusha kwamba unataka ndizi za mtori, bila shaka atakuonyesha mshare. Ukiwa Dar es Salaam, ulizia kwa wauzaji wanaoleta ndizi kutoka Moshi, na usikubali kupewa ndizi yoyote ile kwa sababu tu ni ya kijani.

Ndizi za Bukoba, ambazo Waganda hupikia matoke, hutoa mtori mzuri lakini mzito zaidi na wenye rangi ya manjano. Ukizitumia, punguza robo kilo. Mzuzu sikushauri: nyama yake ni ngumu, na mtori wake hubaki na chembechembe. Mzuzu kaanga au chemsha kwa nazi.

Kisukari na ndizi nyingine za kula zikiiva zinaweza kutumika zikiwa kijani kabisa, na jambo hili linawahusu hasa wenzetu walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako baridi ni ya Desemba hadi Februari na mshare haupatikani. Tafuta ndizi za kijani kibichi kwenye maduka ya Waafrika, Wahindi au watu wa Karibi. Mtori wake utakuwa na kijivu kidogo, lakini ladha haitakuangusha.

Ndizi iwe kijani kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha, iwe ngumu inapobonyezwa, na ukivunja kikonyo itoe utomvu papo hapo. Ikiwa ncha zimeanza kuwa za manjano, iache. Ndizi inapoiva, wanga wake hugeuka sukari, na wanga ndio unaoufanya mtori uwe mzito. Ndizi zilizoanza kuiva hutoa supu tamu na nyepesi ambayo haitashikana hata ukiichemsha hadi usiku.

Zinunue siku ya kupika au jana yake. Ukizifikisha nyumbani, usiziweke pamoja na maembe, maparachichi au ndizi zilizoiva, wala usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa matunda yanayoiva hutoa hewa inayoyaivisha yaliyo jirani.

## Hatua ya 2: Chemsha supu kwanza, na uichemshe polepole

Kata nyama vipande vikubwa, kila kimoja kiwe kama nusu ya ngumi. Ioshe mara moja upesi, kisha iweke pamoja na mifupa kwenye sufuria kubwa, mimina lita 3 na nusu za maji baridi, halafu washa moto wa wastani.

Maji yawe baridi mwanzoni kwa sababu yanapopata moto taratibu, uchafu na damu hupanda juu kama povu la kijivu ambalo unaweza kuliondoa kwa upawa. Nyama ikitumbukizwa kwenye maji yanayochemka, sehemu kubwa ya povu hilo huvunjikavunjika na kubaki ndani ya supu, na supu chafu haitatoa mtori wa kupendeza.

Povu likipanda, liondoe. Rudia hadi libaki jeupe na dogo, kazi ya dakika 10 hadi 15. Kisha weka kitunguu kimoja kilichopasuliwa nusu, tangawizi iliyopondwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usiweke chumvi yote sasa. Karibu lita moja ya maji itatoka kama mvuke kabla hujamaliza, na chumvi iliyokuwa sawa mwanzoni itakuwa nyingi mwishoni.

Punguza moto hadi supu iwe inatokota kwa viputo vichache vichache, funika kwa kuacha upenyo mdogo, na uache kwa saa 2 hadi 2 na nusu. Kano na utando mweupe uliomo kwenye kidari na mbavu huhitaji muda na moto mdogo ili kuyeyuka na kuipa supu uzito wake. Moto mkali huikaza nyama na kuifanya supu iwe na mawingu, lakini hauharakishi kuyeyuka huko. Hii ndiyo sababu steki haifai kwa mtori: haina kano za kuyeyuka, hivyo baada ya saa moja hubaki nyuzi kavu.

Jambo moja ambalo maelekezo mengi hayalitaji ni kimo cha mahali unapopikia. Kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye joto la chini kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi. Dar es Salaam na Mombasa huchemka kwenye nyuzi 100, Arusha kwenye nyuzi 95 hivi, Nairobi kwenye 94, na Njombe, ambako mji uko karibu na mita 2,000, kwenye 93 au 94. Mara ya kwanza nilipopika mtori Njombe nilifuata saa niliyoizoea Dar es Salaam, na wageni walikaa mezani wakisubiri nyama ilainike kwa muda mrefu sana. Kwa hiyo walioko kwenye nyanda za juu, ambako ndiko baridi iliko, waongeze nusu saa hadi saa nzima, au watumie sufuria ya presha kwa dakika 45 baada ya kuondoa povu.

Tahadhari: ukiona maji yamepungua sana, ongeza maji yanayochemka. Maji baridi huizima sufuria, na utapoteza dakika nyingi kuirudisha kwenye mchemko.

Utajua supu imefanikiwa ukibonyeza kipande cha nyama kwa mgongo wa kijiko kikaachana na mfupa bila kung'ang'ania, na ukionja supu midomo ikanata kidogo. Toa nyama na mifupa, chuja supu, na uipime. Unahitaji lita 2 na nusu. Ikipungua, ongeza maji ya moto. Ikizidi, ichemshe bila mfuniko hadi ipungue.

Chambua nyama kwa mkono ikiwa bado vuguvugu, tupa mifupa, na kung'uta uboho urudi kwenye supu. Mafuta yaliyoelea juu yapunguze kwa upawa lakini usiyamalize. Siku ya baridi mafuta hayo yana kazi yake, na mtori usio na mafuta hata kidogo humezwa kwa shida kama uji mkavu.

## Hatua ya 3: Menya ndizi wakati supu inakaribia kuiva

Usimenye asubuhi ili kujirahisishia kazi. Anza nyama inapobakiza kama nusu saa.

Vaa nguo ya kazini, kwa kuwa utomvu wa ndizi huacha madoa ya kahawia yasiyotoka. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu. Kwenye beseni weka lita 2 za maji na ukamulie ndimu moja.

Kata ncha zote mbili za ndizi, chora mstari wa kisu kwenye ganda kutoka juu hadi chini, ingiza kidole gumba na ubandue ganda. Kisha kwangua nyuzi zilizobaki, kwani ndizo zinazogeuka nyeusi kwanza. Pasua ndizi kwa urefu, na ukiona mstari mweusi katikati uondoe. Kata vipande vya urefu wa sentimita 3 vinavyolingana, ili vyote viive kwa wakati mmoja, na uvitumbukize kwenye beseni mara moja, kabla hujagusa ndizi inayofuata.

Nyama ya ndizi mbichi ikikutana na hewa hubadilika rangi kama inavyobadilika biringanya iliyokatwa. Maji huizuia hewa, na ukali wa ndimu hupunguza kasi ya mabadiliko hayo. Kisu chenye kutu nacho huchangia weusi, maana ukakasi wa ndizi unapogusa chuma hutoa rangi nyeusi, na hapo hata ndimu haisaidii.

Weka sahani juu ya ndizi zisielee. Zisikae majini zaidi ya saa moja.

Kabla ya kuzipeleka jikoni, mwaga maji hayo na uzisuuze mara mbili kwa maji safi. Usiruke jambo hili. Ukali wa ndimu ukibaki, ndizi huchelewa kulainika, nawe utakuwa unalaumu mkaa bure. Vipande vikitoka majini viwe vyeupe, visivyoteleza mkononi.

## Hatua ya 4: Pika ndizi ndani ya supu, lakini si ndani ya supu yote

Gawa supu. Lita moja iweke pembeni kwenye sufuria ndogo, na ile lita moja na nusu iliyobaki ichemshe kwenye sufuria kubwa hadi itokote kwa nguvu. Ndipo uweke ndizi, pamoja na karoti iliyokwanguliwa.

Supu lazima iwe inachemka ndizi zinapoingia, kwa kuwa joto kali huzuia kubadilika rangi papo hapo. Ndizi zinazowekwa kwenye supu ya vuguvugu huendelea kuwa nyeusi polepole kadiri sufuria inavyopata moto. Na supu isiwe yote kwa sababu utahitaji kuponda ndizi zikiwa na maji machache, jambo ambalo haliwezekani ukiwa umeshamwaga lita zote mbili na nusu.

Nyanya isiingie sasa. Ina ukali, na ukali, kama nilivyosema, huzuia ndizi kulainika.

Funika, weka moto wa wastani, na uache kwa dakika 30 hadi 40, ukigeuza mara mbili tu kutoka chini. Kisha toa kipande na ukibonyeze kwa mwiko. Kilichoiva hupondeka chote bila kuacha kiini kigumu. Onja: kama ulimi unakaza, ndizi haijaiva, hata kama inaonekana laini. Ukakasi wa namna hiyo hauondolewi kwa chumvi wala siagi. Huondolewa kwa kurudisha mfuniko na kuongeza dakika 10.

## Hatua ya 5: Ponda kwa mkono, zikiwa moto, zikiwa na maji machache

Zima moto au shusha sufuria. Kwa upawa, chota supu iliyo juu ya ndizi na uimimine kwenye ile uliyoiweka pembeni, hadi ndizi zibaki zimelowana tu. Halafu anza kuponda.

Watu wengi huponda ndizi zikiwa zinaogelea. Kipande kinachoelea hukimbia mwiko, hivyo baada ya nusu saa ya jasho unabaki na maji mazito yenye mabonge. Ndizi zikiwa karibu kavu, mwiko huzibana dhidi ya ubavu wa sufuria na kuzivunja zote. Ponda kwa kubonyeza na kusukuma pembeni, na zungusha sufuria kadiri unavyoendelea. Dakika 8 hadi 10 zinatosha.

Zipondwe zikiwa moto, kwa sababu wanga uliopoa hukaza, na bonge lililokaza halivunjiki tena kwa urahisi. Ukipigiwa simu katikati ya kazi, ipigie baadaye.

Sasa kuhusu mashine. Visu vinavyozunguka kwa kasi huvunja seli za ndizi na kuuachia wanga wote kwa wakati mmoja, na wanga huo huungana na kuwa kitu kinachovutika kama gundi. Mwiko huzitenganisha seli bila kuzipasua zote, ndiyo maana mtori wa mkono huwa mzito na bado mwepesi kumeza. Tofauti hii si ya kufikirika: nimeonja mtori wa aina zote mbili kutoka kwenye sufuria moja ya ndizi, na ule wa mashine sikuweza kumaliza bakuli.

Ndizi zikishakuwa ujiuji mzito, anza kurudisha supu ya moto upawa mmoja mmoja, ukikoroga hadi kila upawa uingie kabla ya kuongeza mwingine. Hapo kipekecho hufanya kazi nzuri: kizungushe kati ya viganja, na chembe zilizobaki zitalainika. Chembe ndogo ndogo chache hazina ubaya, na wazee wengi huzipenda. Kwa mtoto mdogo au mgonjwa, pitisha sehemu yake kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, na usimtilie pilipili.

## Hatua ya 6: Unga na rudisha motoni

Kwenye kikaango, yeyusha kijiko kimoja cha siagi, kaanga kitunguu kilichobaki hadi kilainike, ongeza saumu, kisha nyanya iliyokatwa. Kaanga hadi maji ya nyanya yakauke na siagi ianze kujitenga. Tia nyama uliyoichambua, igeuze kwa dakika 3, na umimine vyote kwenye mtori.

Wapo wapishi wa Uchagani wasiotia nyanya wala karoti kabisa, nami nawaheshimu, maana mtori wao huwa na ladha ya nyama na ndizi tu. Mimi hutia nyanya moja. Zikifika tatu au nne, rangi inakuwa ya mchuzi na ndizi hazisikiki tena.

Rudisha sufuria kwenye moto mdogo, ongeza supu hadi upate uzito unaotaka, tia chumvi iliyobaki na pilipili manga, kisha weka pilipili mbuzi nzima bila kuipasua. Acha uchemke taratibu kwa dakika 10 hadi 15, ukikoroga kila dakika mbili na kukwangua chini.

Tahadhari: mtori mzito hauchemki kama maji. Hupumua kwa viputo vikubwa vinavyoruka na kunata kwenye ngozi, na kuungua kwake ni kubaya kuliko kwa maji ya moto. Tumia mwiko mrefu, weka mfuniko nusu, na waondoe watoto jikoni.

Uzito sahihi unapimwa hivi: pitisha mwiko chini ya sufuria katikati, na njia inayoachwa nyuma ifungwe taratibu ndani ya sekunde mbili au tatu. Ikifungwa papo hapo, mtori bado ni supu. Ikibaki wazi, umekuwa ugali wa ndizi. Uache uwe mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka mezani, kwa kuwa utaendelea kukaza kadiri unavyopoa, hasa katika nyumba yenye baridi.

## Hatua ya 7: Malizia na pakua

Zima moto ndipo utie siagi iliyobaki au malai, ukoroge mara chache. Malai yakiingia kwenye sufuria inayochemka, hasa iliyokwisha kutiwa nyanya, yanaweza kukatika na kuwa chembe nyeupe. Kwa sababu hiyo hiyo, ndimu ikatwe na kuwekwa mezani, kila mtu akamulie bakuli lake. Toa ile pilipili nzima kabla haijapasuka.

Pakua kwenye mabakuli yaliyosuuzwa kwa maji ya moto, kwani bakuli baridi hukazisha mtori kabla ya kijiko cha tatu. Asubuhi unakwenda vizuri na chapati; usiku hauhitaji kitu kingine.

## Ukikosea, fanya hivi

Umeungua chini. Usikwangue wala usikoroge. Mimina sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine bila kulazimisha, na uonje. Kama harufu ya moshi haijapanda, umeokoka. Kama imepanda, hakuna kiungo kitakachoifunika.

Ni mwepesi. Uchemshe bila mfuniko kwa dakika 15. Usitie unga wa ngano au wa mahindi, kwa kuwa ladha yake mbichi itasikika. Njia bora ni kuchemsha ndizi mbili pembeni, kuziponda na kuziongeza.

Ni mzito mno. Ongeza supu ya moto au maji ya moto kidogo kidogo. Ukiongeza ya baridi, utatengeneza mabonge.

Chumvi imezidi. Ongeza ndizi zilizopondwa zisizo na chumvi na supu isiyo na chumvi. Siagi husaidia kidogo.

Umekuwa wa kijivu. Unalika bila shida yoyote. Tafuta sababu kwenye kisu, kwenye muda ambao ndizi zilikaa hewani, na kwenye supu ambayo haikuwa inachemka.

Umenata kwa sababu ulitumia mashine. Hauwezi kurudi ulivyokuwa. Uongezee supu uwe mwepesi kabisa, ukamulie ndimu kwenye bakuli, na uunywe kwenye kikombe.

## Kuhifadhi na kupasha

Usiuache mtori jikoni usiku kucha kwa imani kwamba baridi ya nje inatosha. Sufuria kubwa ya kitu kizito hubaki vuguvugu ndani kwa saa nyingi, na uvuguvugu huo unatosha kuuchachusha. Ugawe kwenye vyombo vifupi, uache upoe, na ndani ya saa mbili uwe kwenye friji. Utakaa siku 3.

Kesho yake utaukuta umeganda kiasi cha kukatika kwa kisu. Haujaharibika, ndivyo wanga unavyofanya ukipoa. Chemsha kikombe kimoja cha maji au supu kwenye sufuria, weka mtori vipande vipande, funika kwa dakika 5 kwenye moto mdogo, ndipo uanze kukoroga. Ukianza kukoroga kabla haujalainika, utabaki na mabonge ambayo jana hayakuwepo. Hakikisha umechemka wote hadi katikati, onja chumvi upya, na upakue.